Shahidi wa Kumi na Mbili

Sheria ya Maboyani ilikuwa fupi, na kila mtoto aliijua kabla hajajua kujifunga msuli: mashine haiapi, na mtu hununulika. Basi siku ya kuamua kama watu wa Kitopeni watarudi kwao, atakayetoa ushahidi ni nyungunyungu.

Usicheke. Watu hufika mahali kama hapo wakishachoka. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikaa juu ya mto wao miaka ishirini na sita, na muda wote huo mashine za kupima maji zilisema maji ni mazuri, maana aliyezinunua ndiye aliyekuwa akiyachafua. Chaza walikufa, mashine zikasema mazuri. Watoto wakawa wazito wa kusema na wazito wa kukumbuka, mashine zikasema mazuri. Mwishowe watu wote wa nyumba arobaini walihamishwa, wakawekwa kwenye mji wa plastiki ngumu uliofungwa juu ya maboya, ndio Maboyani, maili nne kutoka ufukweni, wakaambiwa wasubiri kidogo. Kidogo hicho kilikuwa miaka thelathini na moja. Kiwanda kilishavunjwa, mto ulishasafishwa, na kila bamvua maji yakipwa sana waliliona tope lao kwa mbali, jeusi, linang'aa, limekaa kama linawangoja.

Mlezi wa mashahidi alikuwa Bi Somoe, mke wa Hatibu. Kazi hiyo aliishika miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyeitaka, kwa hiyo hakuna aliyemwonea wivu.

Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku tatu tu kufikia ushahidi, aliinamia beseni kwenye kitalu chake akakuta mmoja wa mashahidi wake kumi na wawili amekufa, amenyooka kama utambi.

"Pole, baba," alimwambia. "Umeshindwa kungoja siku tatu?"

Hapo ndipo Chande alipofika na ngalawa yake ya injini ndogo. Chande aliuza chambo. Alikitoa Fungu Refu, siku mbili za safari kusini, mahali ambapo hakuna mto wala kiwanda, na alikuwa mwanamume wa makamo asiyeweza kufunga kamba bila kuongea.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Leo umeleta nini, chambo au matusi?"

"Chambo ni cha wavuvi. Matusi nimekuwekea wewe, bibi, yako safi, ya juzi."

"Niletee mkebe wako nichague nyungunyungu mmoja. Wa kwangu kafa."

Chande alimsogezea mkebe. Nyungunyungu wa Fungu Refu walikuwa ukoo mmoja na wale wa kitalu: wekundu, shibiri na nusu, na vijiguu kama meno ya kitana pande zote mbili. Bi Somoe alimchagua mmoja mchangamfu. Akachukua sindano na kumwingiza chembe nyuma ya kichwa, chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, ikakaa juu ya mshipa wa fahamu. Nyungunyungu hakutikisika zaidi ya mtoto anayetobolewa sikio akiwa usingizini.

Kazi ya chembe ilikuwa hii. Nyungunyungu wa pwani akishazama kwenye shimo lake haketi kimya. Anajikunja mawimbi mawimbi na kuvuta maji, ili apate kupumua na kula. Kila wimbi chembe hulipeleka kwenye kisanduku, na msikilizaji huvua kiatu akakanyaga kisanduku kwa kisigino. Tope likiwa zuri, utasikia mawimbi manne, kituo, mawimbi manne, kituo, kama mtu anayetwanga bila haraka. Tope likiwa na risasi, shaba au zebaki, utasikia wimbi moja, kisha kimya, maana madini huingia pamoja na maji, naye akiyahisi anafunga mlango wa shimo na kukaa na kiu yake.

Lakini kabla ya kusikiliza huja kuzama. Mashahidi huwekwa juu ya tope, na msomaji hutaja nyumba za Kitopeni kwa mpangilio zilivyosimama, kutoka ufukweni mpaka kisimani. Shahidi akizama kabla nyumba ya arobaini haijatajwa, amekubali. Asipozama, amekataa.

Beseni la majaribio lilikuwa na tope halisi la Kitopeni, lililoletwa na Baraza wiki hiyo. Bi Somoe aliwapanga wale kumi na mmoja wake, na pembeni akamweka mgeni. Akaanza kutaja.

"Kwa fundi Bakari. Kwa Bi Chausiku mshona kofia. Kwa mzee Sururu. Kwa wale mapacha..."

Alipofika nyumba ya tisa, wote kumi na mmoja walikuwa wamezama. Moyo wake uliruka kwa furaha. Aliendelea kutaja kwa ajili ya mgeni. Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa yao, yeye na Hatibu. Aliitaja polepole kama kawaida yake. Nyumba ya thelathini. Ya arobaini, kwa mwadhini, karibu na kisima. Mgeni alikuwa bado juu. Alijiviringa, akatoa ute mwingi mweupe, akajinyoosha na kuanza kutambaa kuelekea ukingo wa beseni. Alipanda ukingo. Alikuwa anatoka.

"Mgonjwa huyu," alisema Bi Somoe.

"Mgonjwa wapi," alisema Chande, akitetea heshima ya bidhaa yake. "Mweke kwenye tope la mkebe wake uone."

Alimweka. "Kwa fundi Bakari, kwa Bi Chausiku, kwa mzee Sururu, kwa wale mapacha, kwa Mwanaidi wa chaza." Mgeni alikuwa ameshatoweka. Akamchimbua kwa vidole, akamrudisha kwenye tope la Kitopeni, na mgeni akaelekea ukingoni tena, safari hii bila hata kujiviringa, kama mtu anayeijua njia ya mlangoni.

Bi Somoe alivua kiatu, akakanyaga kisanduku, akawasikiliza wale kumi na mmoja chini ya tope. Manne, kituo. Manne, kituo. Walikuwa wanakunywa kama wako harusini.

Ndipo macho yake yalipokwenda yenyewe kwenye rafu, juu ya kopo la maziwa lenye kutu.

Kila nyumba ya Maboyani ilikuwa na kopo kama lile chini ya kitanda. Usiku ule wa kuhamishwa kila mtu alichota tope la mlangoni kwake. Tangu hapo mtoto akizaliwa, kabla hajaonja ziwa la mama, hupakwa tope la kwao kisiginoni, ili miguu isisahau pa kukanyaga. Na mtu akifa hupakwa hivyo hivyo, ili aende anakotokea. Bi Somoe alipokabidhiwa kitalu, vitoto vya kwanza vya nyungunyungu vilipoanguliwa vilikuwa vinyonge, havili, vinakufa kwenye mchanga safi wa kuletwa. Akavihurumia. Akaona, nao si watoto wa Kitopeni? Akachota ncha ya kidole kutoka kopo lake, akavitilia majini. Vichache vikaishi. Mwaka uliofuata akafanya tena, kwa watoto wa wale walioishi. Miaka ishirini na miwili, vizazi ishirini na viwili, kila kizazi na ncha yake ya kidole, na kila kizazi aliyeshindwa alikufa na aliyestahimili akazaa.

Hakuwa amelea mashahidi. Alikuwa amelea waliozoea sumu.

"Bibi," alisema Chande, "mbona umekaa chini?"

Alimweleza. Hakumweleza mengi, ila Chande hakuwa mjinga. Alikuna kichwa, akatazama ngalawa yake, akatazama mji mzima uliokuwa unafunga mizigo. Toka walipokaa waliona magodoro yaliyoviringwa yamepangwa juu ya mapaa.

"Sheria inataka wangapi?" aliuliza.

"Kumi na wawili. Wasipungue kumi."

"Na wewe unao kumi na mmoja." Alisema kwa upole, kama anampa maji. "Huyu ni chambo tu, Bi Somoe. Mrudishe mkebeni, nami nitang'oa nanga. Sijaona kitu."

Bi Somoe aliinuka. Alimtia mgeni kwenye chupa ya glasi pamoja na tope lake la Fungu Refu, akaifunika kwa kitambaa.

*

Hatibu alikuwa amekaa mlangoni juani, amepakata bawaba. Zilikuwa bawaba mbili za mlango wao wa Kitopeni. Wengine walichota tope peke yake. Yeye alichota tope na kung'oa bawaba, na kwa miaka thelathini na moja alizipaka mafuta kila mwezi ingawa hazikuwa na mlango.

"Mama Tatu," alimwambia mkewe bila kuinua kichwa, "hivi kule kwetu mlango ulifungukia ndani au nje?"

"Ndani."

"Nilijua utasema ndani. Ulifungukia nje. Ulinigonga usoni siku ya pili ya ndoa."

"Nilikugonga makusudi. Na ulifungukia ndani."

Alicheka, na kicheko kikamchosha. Figo zake zilikuwa zimekwisha. Daktari wa mashua alimkataza chumvi miaka minne, na mwezi uliopita aliacha kumkataza, na wote wawili walijua maana yake. Walikaanga samaki wakaweka chumvi, wakala.

"Sitaki makubwa," alisema Hatibu. "Sitaki kulima, sitaki kuvua. Nataka asubuhi moja niamke, nitoke nyuma ya nyumba, nikojoe juu ya ardhi. Kojo lisirudi baharini likaniangalia. Basi. Baada ya hapo wanichukue."

"Mzee mzima na maneno hayo."

"Nimwambie nani kama si wewe?" Alimtazama sasa. "Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala. Ukiwa hujala unakunja pembe ya kanga."

Bi Somoe aliiachia kanga. Chupa ilikuwa chini ya mkono wake, na ndani yake aliuhisi ule uzito mdogo wa kiumbe kinachojigeuza. Alitaka kumwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini akimwambia, Hatibu atafanya moja kati ya mawili. Atasema "nyamaza, nipeleke nyumbani," na yeye atanyamaza, kwa sababu katika maisha yake yote hajaweza kumnyima. Au atasema "usinyamaze," na hapo atakuwa amejinyima mwenyewe, kwa mdomo wake, nusu ya kile alichokuwa amebakiwa nacho. Yote mawili aliona ni kumtwisha mgonjwa mzigo. Ushahidi ukishindwa, sheria ililipumzisha tope miaka minane. Hatibu hakuwa na minane. Hakuwa na mmoja.

Akaingia ndani, akamletea uji, akamlisha vijiko viwili, naye akajilazimisha kunywa uliobaki mbele yake.

*

Siku ya bamvua mji mzima ulikwenda kwa mashua hadi ukingo wa tope. Mbao zilitandikwa, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga kabla ya ushahidi, na watu walisimama juu ya mbao wakinusa. Harufu ya kwao ilikuwa imebaki ile ile. Wazee kadhaa walikuwa wanalia bila kujificha. Hatibu aliwekwa mbele, kwenye kiti, kanzu nyeupe, kofia mpya, bawaba mbili mapajani.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Rukia binti Pongwa, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, aliyebeba mgongoni mjukuu wake wa siku tisa. Alisema sheria kwa maneno machache, kisha akamgeukia mlezi.

"Mashahidi wangapi, Bi Somoe?"

Lilikuwa swali la kawaida, la kutimiza taratibu. Bi Somoe alitazama beseni lake. Kumi na mmoja, wanene, wanang'aa, kila mmoja kamlea kwa mkono wake. Alihisi jua kisogoni. Alimsikia Hatibu akikohoa.

"Kumi na wawili," alisema.

Akawapanga juu ya tope mmoja mmoja, na kwa wa mwisho akafungua chupa.

Watu walianza kutaja nyumba. Hawakumngoja msomaji, sauti zilijitokea zenyewe, mamia, wazee na waliozaliwa majini. Kwa fundi Bakari. Kwa Bi Chausiku mshona kofia. Ilipotajwa ya tisa, kumi na mmoja walikuwa wameshazama, na vigelegele vikaanza upande wa nyuma. Waliokuwa mbele hawakupiga. Walikuwa wanamtazama yule mmoja, mwekundu, anayejiviringa juu ya weusi ule.

Ya kumi na tisa. Kwa Hatibu na Somoe. Aliisikia sauti ya mumewe ndani ya sauti zote.

Ya thelathini. Ya thelathini na tano. Sauti zilianza kwenda polepole, kila mmoja anaivuta nyumba yake, anampa yule mdudu nafasi. Ya arobaini, kwa mwadhini, walivyoitaja ilichukua pumzi nzima. Nyungunyungu alikuwa anatambaa kuelekea mbao. Mwanamke mmoja akaanza tena, peke yake, kwa sauti ya kubembeleza, "Kwa fundi Bakari," na wengine wakamfuata, nyumba zote arobaini upya, na mpaka walipofika kisimani kwa mara ya pili nyungunyungu alikuwa ameufikia ubao, ameupanda, amejilaza juu ya mbao kavu ambako angekufa kwa jua.

Bi Somoe alimwokota, akamlowesha kwa maji ya bahari, akamrudisha kwenye chupa ya tope lake. Wote waliokuwa karibu waliona alivyozama humo kabla mtu hajafungua mdomo.

"Huyo kakosea," alisema mtu nyuma. "Mmoja kati ya kumi na wawili. Kakosea."

"Hajakosea," alisema Bi Somoe. "Huyo ndiye mgeni, hajawahi kulionja tope letu. Hawa wengine niliwapaka. Kila kizazi, kama tunavyopaka watoto. Nilidhani nawapenda. Wamezoea sumu mpaka hawaijui. Kosa ni langu mimi. Tope bado bovu."

Rukia alikuwa ameshamteremsha mjukuu mgongoni. Alimshika mguu mdogo, akaugeuza, akatazama kisigino. Kulikuwa bado na alama nyeusi, imekauka kwenye mikunjo. Alilowesha pembe ya kanga kwa ulimi, akaanza kumfuta, taratibu, hakuacha mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Makopo yote," alisema bila kuinua macho. "Kila nyumba. Leo." Kisha akasema, "Ahsante, Bi Somoe," kama mtu anayeshukuru kwa kung'olewa jino.

Watu walipanda mashua. Bi Somoe alibaki kando ya kiti cha Hatibu. Mumewe alikuwa ameshika bawaba moja kila mkono, na alizitazama kana kwamba amezikuta njiani.

*

Siku mbili Hatibu hakusema naye ila mambo ya maji na dawa. Siku ya tatu asubuhi, Bi Somoe alipokuwa anatia nta kwenye kopo lao ili lipelekwe kuzikwa mbali pamoja na mengine, alimsikia kutoka kitandani.

"Ungeniambia."

"Ungenizuia?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Sijui. Labda. Ila ningevaa kanzu nyingine. Ile nyeupe nimeivalia bure."

Bi Somoe aliketi ukingoni mwa kitanda, akacheka, na katika kucheka akalia, na Hatibu akamwachia mkono wake akaufanya kitambaa.

"Yule mdudu bado yupo?"

"Yupo. Chande ataleta wengine wa Fungu Refu. Nitaanza upya nao, kwenye mchanga wao."

"Niletee."

Aliileta chupa na kisanduku. Hatibu alitoa mguu nje ya shuka. Ulikuwa umevimba, kisigino kimepasuka kama ufukwe.

"Ukifika wakati wangu," alisema, "utanipaka nini? Kopo umeshalitia nta."

Bi Somoe alikuwa amelifikiria hilo siku zote mbili.

Hatibu aliashiria chupa kwa kidevu. "Hilo tope la humo ni la kwao nani?"

"La kwao huyu. Hakuna watu kule."

"Basi mwombe. Ncha ya kidole tu. Mwambie sitakaa sana."

Bi Somoe aliingiza kidole chupani. Tope la Fungu Refu lilikuwa la kijivu, laini, halinuki chochote anachokijua. Alimpaka kisiginoni kama anavyopakwa mtoto, kutoka ndani kwenda nje, kisha akaweka kisigino kile juu ya kisanduku.

Walikaa. Nje mtu alikuwa anakunjua magodoro. Mwanzoni Hatibu alikunja uso, hakusikia kitu, kisha uso ukalegea.

"Nne," alisema.

"Subiri kituo."

"Nne tena. Anafanya nini sasa, amelala?"

"Anakunywa maji."

"Mwache anywe," alisema Hatibu, akafumba macho, na vidole vyake juu ya shuka vikaanza kuhesabu, vinne, kituo, vinne, kituo.